Bangili Mbili Ninazodaiwa na Marehemu Mke Wangu

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, mzee mmoja wa msikitini kwetu alinishika mkono, akanisogeza kando ya mlango na kuniuliza kwa sauti ambayo waliokuwa karibu waliisikia: "Mwalimu, mkeo umemradhi?" Nikajibu kwamba nimemradhi duniani na akhera, na kama kulikuwa na lolote baina yetu nimelisamehe. Aliniambia nirudie mara tatu, nikarudia, watu wakaitikia "Alhamdulillahi", kisha tukabeba. Ilikuwa mwaka 2019, hapa Tanga, baada ya sala ya alasiri, na udongo wa makaburini ulikuwa bado umelowa kwa mvua za vuli. Nilikuwa nimeishi na mke wangu miaka 34.

Swali lile nimelisikia katika mazishi mengi tangu nikiwa mtoto, na sijaacha kuliheshimu, kwa sababu linamfungua mume aseme neno jema kwa wakati ambao bado lina maana. Lakini usiku wa tatu, watu walipokuwa wamepungua na mikeka ya barazani imeanza kukunjwa, lilinirudia kwa upande wake wa pili. Mimi nimeulizwa kama nimemradhi. Yeye ni nani aliyemuuliza kama ameniradhi mimi?

Sisi watu wa pwani tumelelewa tukiambiwa kwamba Pepo ya mke imo katika radhi za mumewe. Wasichana wa kwetu walisomeshwa Utendi wa Mwana Kupona, ambao bibi huyo wa kisiwa cha Pate aliutunga mwaka 1858 akimuusia binti yake, Mwana Hashima, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa ambaye miaka miwili hivi baadaye angefariki. Humo bibi anamwambia binti kwamba siku ya kufufuliwa mumewe ataulizwa atakalo, na litakalotoka kinywani mwake ndilo litakalotendwa. Beti hizo wengi wetu tunazijua kwa moyo, hata wanaume, na labda wanaume zaidi. Jambo ambalo sikuwa nimelitia maanani, ingawa nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, ni kwamba aliyeyasema hayo alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyesumbuana miaka mingi na Sultani wa Unguja, alikuwa amefariki mwaka 1856. Na ndani ya utenzi huohuo, baada ya maagizo yote ya namna ya kumtumikia mume, bibi anageuka na kusimulia ndoa yake mwenyewe: walivyokaa kwa furaha, jinsi mauti yalipomjia mumewe akawa anamkariria radhi, na kwamba tangu siku hiyo kilio chake hakijanyamaza kila akumbukapo mazoea yao. Nilipousoma tena baada ya msiba wangu, niliona kwamba bibi yule hakuwa akimtisha bintiye kwa moto. Alikuwa ameachiwa neno moja na mtu aliyempenda, na neno hilo ndilo lililomwezesha kuishi miaka michache iliyobaki. Alitaka binti naye alipate.

Mimi sikuachiwa. Mke wangu alifariki usiku, usingizini, katika wodi ambamo sikuruhusiwa kulala.

Kamusi zetu zina neno kwa mtu kama mimi. Mwanamume aliyefiwa na mke huitwa mgane. Nimelifundisha darasani pamoja na mjane na mtalaka, na ninaweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja mara nilizolisikia mtaani. Watu husema tu "amefiwa na mkewe", na sentensi inayofuata, mara nyingi bila hata kupumzika, ni "ataoa lini?"

Mwanamke aliyefiwa ana eda. Aya ya 234 ya Suratul Baqara imempa miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue. Nilipokuwa mdogo nilimwona shangazi yangu akiwa kizuka, amekaa chumba cha nyuma, hana manukato wala wanja wala nguo ya kupendeza, na wanawake wakiingia kwake mmoja mmoja kwa kunyata kama wanaoingia kwa mzazi. Wapo wanaoiona eda kuwa ni kifungo, na najua wajane ambao ndugu wa mume waliwafanyia mambo yasiyo na msingi wowote katika dini kwa kisingizio cha eda. Lakini nataka niseme nilichokiona kwa upande wa pili wa ua. Shangazi alikuwa na siku zake. Kila mtu alijua kwamba huyu ana huzuni, huzuni yake ina mwanzo na ina mwisho, na kabla ya mwisho huo hakuna wa kumuuliza kitu. Tena huzuni hiyo imewekewa cheo chake. Bibi Umm Habiba, mke wa Mtume, alipofikiwa na habari za kifo cha baba yake, Abu Sufyan, aliagiza manukato baada ya siku tatu akajipaka, akaeleza kwamba hana haja nayo, ila amemsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akisema mwanamke haruhusiwi kumkalia maiti huzuni zaidi ya siku tatu isipokuwa mume. Baba siku tatu, mume miezi minne na siku kumi. Sijui kama kuna sheria nyingine iliyoupima uzito wa ndoa kwa uwazi kama huo.

Mwanamume hana hesabu hiyo. Hitima inasomwa, tanga linaanuliwa, anaoga, anarudi dukani au shuleni, na siku ya arobaini huwa ameshaletewa majina. Mimi nililetewa matatu, yote ya wanawake wema, na walioyaleta walikuwa wakinipenda. Sikukasirika. Nilitamani tu pangekuwa na chumba cha nyuma kwa ajili yangu pia.

Kuna jambo la siku ya mazishi ambalo linanichoma, na nitalieleza jinsi lilivyokuwa. Maiti alioshewa ukumbini, pazia la shuka limefungwa kwenye mlango wa ndani, na chini ya kitanda umechimbwa ufuo wa kupokea maji. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo. Nilizileta mpaka kwenye pazia, mkono wa mwanamke ukatoka na kuzipokea. Ndoo ya kwanza ilitiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, ya mwisho ikatiwa karafuu maiti, na harufu yake ikapenya na kujaa nyumba nzima. Nilisikia kopo likigonga ukingo wa ndoo na maji yakimwagika, polepole, upande wa kulia kisha wa kushoto. Niliposogea karibu zaidi, shemeji yangu mkubwa alisema kwa upole, "Mwalimu, hapo panatosha." Nikarudi nyuma. Bafta ya sanda niliikata mwenyewe uani, vipande vitano kama inavyotakiwa kwa mwanamke: shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya na shuka mbili za kumzungushia. Nikavipitisha pazia lilelile.

Miezi baadaye, katika darsa, nilijua kwamba nilikuwa na haki ya kuingia. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu hapa pwani, yanamruhusu mume kumwosha mkewe, ingawa wenzetu wa Hanafi hawaruhusu. Imepokewa kwamba Seyyidna Ali alimwosha Bibi Fatma. Bibi Asma binti Umays alimwosha mumewe, Abu Bakr, mwaka 634, siku ya baridi naye akiwa amefunga. Mtume mwenyewe aliwahi kumwambia Bibi Aisha kwamba lau angetangulia yeye kufa, angemwosha na kumkafini kwa mikono yake. Na Aisha, baada ya miaka, alisema lau angelijua mwanzo alilolijua mwisho, Mtume asingeoshwa na yeyote isipokuwa wake zake. Nilipolisikia neno hilo la Bibi Aisha nilitoka msikitini, nikakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu. Mama wa waumini naye alibaki na majuto hayohayo, ya kuwaachia wengine kazi ya mwisho ya mikono.

Shemeji simlaumu. Alifanya kwa mila aliyoikuta na kwa huruma. Mimi ndiye niliyefundisha watoto wa watu kufungua vitabu, na siku niliyohitaji kitabu sikuwa nimekifungua.

Sasa nije kwenye bangili, maana ndizo zilizonifanya niandike.

Tulioana mwaka 1985. Foleni za sukari na sabuni zilikuwa bado hazijatutoka kichwani, na mshahara wa mwalimu kijana ulikuwa wa kuhesabia siku. Mahari niliyotajiwa niliyakubali mbele ya mashahidi: kitanda, Msahafu, na bangili mbili za dhahabu, tola moja kila moja. Kitanda na Msahafu nilitoa. Bangili zilibaki katika dhima yangu, na mkwe wangu, ambaye alikuwa mvuvi na aliijua shida, alisema hakuna haraka.

Tola moja ni gramu 11 na kitu. Bangili mbili zote pamoja ni uzito mdogo tu. Lakini kila nilipokaribia kuzipata palitokea jingine: ada, bati za nyumba, homa ya mtoto, safari ya kuhamishwa kikazi. Mke wangu hakunidai hata mara moja kwa maneno ya kudai. Alipokuwa akiosha mchele, mikono yake imo majini mpaka kiganjani, alikuwa akiinyanyua na kunionyesha, maji yanachuruzika, na kusema, "Mwalimu, mikono inangoja." Mimi nilisema, "Inshaallah mwezi ujao." Utani huo tuliuzeesha. Wiki ya mwisho, amelala kitandani na mrija wa dawa umefungwa kwa plasta juu ya kiganja, aliunyanyua mkono uleule, akauangalia, akasema, "Basi utanivisha huko tuendako." Alicheka, nami nikacheka, nikamfunika.

Baada ya hitima nilimwendea sheikh kuuliza habari ya mirathi yake, vitu vichache tu, nikamtajia na hilo kama kisa. Hakulichukua kama kisa. Aliniuliza, "Alisema amekusamehe mahari yake?" Nikamwambia hakusema, alicheka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kicheko si msamaha, Mwalimu. Hilo ni deni, na sasa ni la warithi wake." Akanisomea Suratun Nisaa, aya ya 4, kwamba wanawake wapewe mahari yao, na wakitoa wenyewe kitu kwa ridhaa ya nafsi zao, hapo ndipo mume anaweza kukila kwa raha. Halafu aya ya 12, kwamba mume hurithi robo ya alichoacha mkewe ikiwa ana mtoto, baada ya wasia na deni. Nilikuwa mdaiwa wa marehemu na mrithi wake pia, na katika deni langu mwenyewe nilikuwa na robo.

Nilirudi nyumbani na maneno yale, "huko tuendako". Alikuwa na yakini nayo kuliko mimi. Qurani imewataja wanandoa wakiwa pamoja zaidi ya mahali pamoja: watu wa bustani za milele wataziingia wao na waliokuwa wema miongoni mwa wazee wao, wake zao na vizazi vyao, na mahali pengine wanaambiwa waingie Peponi wao na wake zao, wafurahishwe. Maulamaa hawakuishia hapo, wakauliza mjane aliyeolewa tena atakuwa wa nani. Wako wanaosema ni wa mume wa mwisho, na ndiyo maana Umm Dardaa, Muawiya alipomposa baada ya kufa kwa mumewe, alikataa, kwa kuwa alimtaka Abu Dardaa na si mwingine. Wako wanaosema atachagua aliyekuwa na tabia njema zaidi. Kauli hii ya pili ndiyo inayonitia hofu na ndiyo ninayoipenda, maana kwayo mke ndiye atakayeulizwa.

Rafiki yangu mmoja, Mkristo, tuliyefundisha naye shule moja miaka 11, alifiwa na mkewe kabla yangu. Alinijia na kukaa nami barazani karibu kila jioni ya mwezi ule wa kwanza. Nilimuuliza wao wanasemaje. Akanitajia Masadukayo waliomletea Yesu habari za mwanamke aliyeolewa na ndugu saba kwa zamu, wakitaka kujua katika ufufuo atakuwa mke wa yupi, na jibu walilopewa, kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi. Nikamwambia hilo ni zito. Akasema ni zito kweli, na kwamba kanisani aliapa mpaka kifo kitakapowatenganisha, naye kiapo amekitimiza. "Lakini," akasema, "bado nalala upande wangu wa kitanda." Hatukuendelea na mazungumzo hayo. Tulikunywa kahawa mpaka adhana ya isha.

Kilichonipa njia ya kutembea ni habari za Bibi Khadija. Alifariki Makka yapata mwaka 619, mwaka uleule aliokufa Abu Talib, ami yake Mtume, na Waislamu wakauita Mwaka wa Huzuni. Alikuwa amekaa na Mtume miaka ipatayo 25. Watu wengi hulitaja jina la mwaka huo kisha wakasonga mbele hadi safari ya Miraji. Mimi nimebaki kwenye mambo madogo ya baadaye, wakati Mtume alikuwa Madina na wake wengine nyumbani. Alikuwa akichinja mbuzi, akakata nyama na kuwapelekea marafiki za Khadija. Siku moja Hala, dada yake Khadija, alibisha hodi, na namna yake ya kuomba ruhusa ilifanana na ya ndugu yake, Mtume akashtuka kwa furaha na kumwomba Mungu awe ni Hala. Na baada ya vita vya Badr, mwaka 624, Zainab binti yake alipotuma fidia ya kumkomboa mumewe aliyetekwa, ndani ya fidia ile ulikuwamo mkufu ambao Khadija alimvisha bintiye siku ya harusi. Mtume alipouona alilainika mno, akawaomba masahaba, wakiona vyema, wamwachie mateka wake na kumrudishia mali yake.

Nyama, hodi na mkufu. Miaka mitano ilikuwa imepita, na kilichomrudisha Khadija ni kitu kilichowahi kugusa shingo yake.

Kwa hiyo nilianza na la nyama, kwa uwezo wangu, yaani samaki. Mke wangu alikuwa na wenzake sita wa upatu. Kila mwezi, ule mchango wake ulipokuwa unatoka, nikawa nawapelekea kitoweo, changu au kolekole, kwa nia yake. Mwezi wa tatu mmoja wao, mama mtu mzima ambaye hunena kwa nadra, aliupokea mfuko, akanikaribisha, na kuniambia: "Mwenzio alikuwa akisema hataki umlipe zile bangili. Akisema, mtu unayemdai hakukimbii."

Nililia mbele yake bila kujificha. Kisha nikaenda kwa sonara.

Ningeweza kulichukua neno lile kuwa ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta, na wapo walionishauri hivyo, kwamba hapo ameshasamehe na ameshaniradhi. Sikuliona hivyo. Yule mama aliniambia mke wangu alipenda niwe mdeni wake, na mdeni kazi yake ni kulipa. Nilichukua sehemu ya kiinua mgongo niliyokuwa nimeitenga. Sonara aliziweka bangili kwenye mizani mbele yangu, moja kwanza, kisha zote mbili, gramu 23 na kidogo, na mshale ukatulia. Zilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliona haya.

Nikawakusanya warithi: watoto wetu watatu na mama mkwe, ambaye ana miaka zaidi ya 80 na fungu lake ni sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Nilimsalimu, nikampigia magoti, nikafungua kitambaa. Nilisema haya ni mahari ya binti yake, yamechelewa miaka 34, na namwomba radhi yeye kwa kuwa mwenyewe hayupo. Alizishika akazipapasa pembeni kwa kidole gumba, kwani macho yake hayaoni vizuri. "Mwanangu," akasema, "baba yake alikwambia hakuna haraka." Fungu lake aliwapa wajukuu. Mwanangu wa kiume aliwaachia dada zake fungu lake, nami robo yangu nikaiacha hapohapo. Kila binti akachukua bangili moja.

Makaburini huenda Alhamisi jioni. Nasalimu, nasoma Yasini, namweleza habari za nyumbani. Imepokewa kwamba Bibi Aisha alikuwa akiingia chumba alimozikwa Mtume na Abu Bakr bila kujitanda, akisema ni mume wangu na baba yangu. Alipozikwa Umar humo, hakuingia tena ila amejisitiri, kwa kumwonea haya Umar. Nikilikumbuka hilo hujiona sizungumzi na udongo. Mwisho kabisa, kabla ya kuinuka, namuuliza lile swali nililoulizwa mimi mlangoni, nalirudia mara tatu, kisha nakaa kidogo.

Binti yangu mdogo huja Jumamosi kunipikia. Juzi nilikuwa barazani nasahihisha maandishi ya mjukuu, naye yuko uani anaosha mchele. Bangili ikagonga ukingo wa sufuria. Ikagonga tena. Ni mlio ambao nyumba hii ilipaswa kuwa nao tangu mwaka 1985, na mikono iliyoungoja haikupata kuutoa. Niliweka kalamu chini, nikasikiliza mpaka mchele ukaisha kuoshwa.